Kongwa: Ranchi Iliyorithi Shamba la Karanga na Swali la Nani Apewe Ardhi

Kila ukame unapopiga Ugogo, nchi ya Wagogo katikati ya Tanzania, swali la ranchi ya Kongwa hurudi midomoni mwa watu. Hapa pana takriban hekta 38,000 za malisho zinazomilikiwa na serikali kupitia Kampuni ya Ranchi za Taifa (NARCO), na nje ya mipaka yake wako wakulima ambao mashamba yao yamechoka na wafugaji ambao ng'ombe wao hutembea mbali kutafuta majani. Wapo wanaosema eneo hilo ligawiwe kwa vijiji, na wapo wanaosema kuligawa ni kuua shughuli pekee kubwa iliyowahi kudumu katika ardhi ile. Pande zote mbili hutumia historia ya mji huu kama ushahidi, na kila upande huchagua kipande kinachoufaa. Maoni yangu ni kwamba historia na jiografia ya Kongwa, zikisomwa kwa pamoja, zinatetea ranchi ibaki nzima, lakini zinaiwekea sharti zito: uhalali wake upimwe kwa kile kinachowafikia wafugaji wa vijiji vinavyoizunguka, kwa kuwa idadi ya ng'ombe walioandikwa kwenye daftari la ranchi pekee haitoshi kuihalalisha.

Tuanze na mahali penyewe, kwa sababu hoja nyingi hukosea hapo. Kongwa iko mashariki mwa mkoa wa Dodoma, na ili kuifikia unaiacha barabara kuu ya Dodoma na Morogoro pale Mbande na kuelekea kusini. Kusini zaidi iko Mpwapwa, mji uliokuwa kituo kikubwa cha misafara ya karne ya 19 iliyokuwa ikipumzika na kuchota maji kabla ya kuikabili nyika ya Ugogo. Upande wa mashariki imesimama milima ya Ukaguru, ambayo hupokea sehemu kubwa ya unyevu wa upepo unaotoka Bahari ya Hindi, hivyo upepo unapofika Kongwa huwa umekwisha kuacha maji yake njiani. Mvua za mwaka huwa kati ya milimita 400 na 600, nazo hunyesha katika msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili.

Hata hivyo, wastani huo unaficha jambo la muhimu zaidi. Mara nyingi mvua hukatika katikati ya msimu, hasa Februari, wakati mazao yanapohitaji maji kuliko wakati mwingine wowote. Na mvua hiyohiyo inaweza kulowesha kijiji kimoja na kukiruka cha jirani. Mtu anayesoma jedwali la wastani wa miaka ishirini ataiona nchi inayolimika, lakini mkulima aliyepanda mahindi atakumbuka ile miaka ambayo hakuvuna kitu. Wagogo walijenga maisha yao juu ya ukweli huo. Walipanda uwele na mtama, wakafuga, na wakawakopesha ndugu na marafiki wa mbali sehemu ya ng'ombe wao ili ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja, mali isiishe yote. Utaratibu huo haukuwakinga na kila janga. Njaa ya Mtunya, iliyoanza mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia baada ya majeshi kuchukua chakula, mifugo na nguvu kazi, iliua maelfu ya watu. Lakini ulikuwa utaratibu unaoijua nchi.

Mwaka 1946 ulikuja mpango wa watu wasioijua nchi hiyo. Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, na Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, akaishauri serikali ya huko ilime karanga Afrika Mashariki. John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, aliongoza ujumbe uliozunguka kwa wiki chache tu, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi na pendekezo la kulima zaidi ya ekari milioni tatu Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Kongwa ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia, kwa lengo la ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza. Waziri wa chakula wa Uingereza, John Strachey, akausimamia mradi kama jambo la heshima ya taifa.

Yaliyofuata yanastahili kutazamwa kwa karibu, maana kushindwa kule kulikuwa na sababu zinazoshikika. Matrekta mengi yalikuwa masalia ya vita, mengine yakinunuliwa katika maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, na mengine yakiwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa mashine za shamba. Kabla ya mwaka 1947 kwisha, sehemu kubwa ya mashine hizo ilikuwa imeharibika. Vichaka vya Kongwa vilisukwa kwa mizizi migumu, mibuyu iliwashinda madereva, na nyuki waliokuwa kwenye mapango ya miti waliwafukuza wafanyakazi. Ikabidi wafunge mnyororo wa nanga ya meli kati ya matrekta mawili na kuuburuta ili kuangusha miti. Mwaka 1947 ulipokwisha, ekari zilizokuwa zimefyekwa zilikuwa chini ya 10,000.

Lakini adui mkubwa kuliko kichaka alikuwa udongo. Karanga huchanua juu ya ardhi, kisha ua lililorutubishwa hutoa kikonyo kinachoinama na kujichimbia chini, na ganda hukua huko gizani. Kwa hiyo zao hili linahitaji ardhi laini wakati wa kuchanua na laini tena wakati wa kung'oa. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi uliochanganyika na mchanga mkali. Ukilowa huwa laini, lakini jua likiuchoma kwa majuma machache hukauka na kushikamana kama saruji, na chembe zake za mchanga husaga chuma cha majembe. Kwa hiyo hata pale mmea ulipokubali kuzaa, karanga zilibaki zimefungiwa chini. Mradi ulipositishwa mwaka 1951, ulikuwa umemgharimu mlipa kodi wa Uingereza takriban pauni milioni 36, na karanga zilizoingizwa kama mbegu zilizidi zile zilizovunwa.

Watetezi wa ranchi husema hapo ndipo hoja inapokwisha: nchi ilijaribiwa kwa jembe la kisasa ikakataa, ikajaribiwa kwa ng'ombe ikakubali. Mimi nasema hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Karanga zilishindwa kwa sababu ya udongo na mvua, ndiyo, lakini zilishindwa pia kwa sababu ya haraka, mashine mbovu, na uongozi uliokuwa ukipokea ratiba kutoka London wala usiwaulize watu wa mahali pale. Kuna mashamba ya karanga huko huko Dodoma hadi leo, ya ekari moja au mbili, yanayolimwa kwa mikono na watu wanaojua ni kipande gani cha udongo kinafaa. Mradi ulithibitisha kwamba kilimo kikubwa cha zao moja hakifai Kongwa. Haukuthibitisha kwamba mkulima mdogo hana nafasi pale.

Hata hivyo, sehemu ya hoja yao inayohusu ng'ombe ina uzito. Ardhi iliyofyekwa kwa gharama kubwa haikurudi kuwa kichaka yote. Nyasi ziliota, na miaka ya 1950 Shirika la Kilimo la Tanganyika lililorithi mabaki ya mradi liliendeleza ufugaji juu yake. Nyasi hazihitaji mvua inyeshe siku maalumu. Mvua ikikatika Februari, mahindi yaliyo kwenye mbelewele hupoteza mavuno ya mwaka mzima, ilhali nyasi za kudumu hunyauka, zikangoja, zikachipua tena mvua inaporudi. Ng'ombe naye anaweza kuhamishwa kutoka kitalu kilichokauka kwenda kingine, jambo ambalo shamba haliwezi. Ndiyo maana ranchi imedumu kwa zaidi ya miongo saba, ikipita kwenye ukoloni, uhuru, Azimio la Arusha na soko huria, mahali ambapo mradi wa mamilioni ulidumu miaka minne.

Kuna jambo la pili ambalo wanaotaka ardhi igawiwe hulipita haraka mno. Ranchi ya Kongwa hufuga Boran, ng'ombe wa nyama wenye asili ya kusini mwa Ethiopia wanaostahimili jua na malisho hafifu, pamoja na kondoo weusi kichwa. Dume la Boran lililokomaa hupita kilo 500, ilhali ng'ombe wetu wengi wa asili hawafiki 300. Kundi la kuzalisha madume ya aina hiyo haliwezi kutunzwa kwenye vipande vya ekari tano tano. Linahitaji eneo pana, kumbukumbu za uzazi, majosho, na uhakika kwamba madume ya nje hayaingii kundini. Hapohapo Kongwa pana kituo cha utafiti wa malisho cha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI) kinachozalisha mbegu za nyasi na marobota ya majani makavu. Vitu hivi viwili, mbegu ya dume na mbegu ya nyasi, vikikatwa vipande leo havitaunganishwa tena kesho.

Sasa tuwasikilize wa upande wa pili, na tuwasikilize kwa haki. Nyika iliyoonekana tupu kutoka kwenye ndege mwaka 1946 haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya msimu, ilikuwa asali, kuni na mawindo, na katika mwaka mbaya ilikuwa mahali pa kukimbilia. Mradi uliiondoa ardhi hiyo katika hesabu ya Wagogo, na uhuru ulipokuja haikurudishwa, bali ilihamia kwenye mashirika ya umma. Kisha mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma, ambayo iliwakusanya watu katika vijiji vya kudumu. Kwa huduma za shule na zahanati, hatua ile ilikuwa na maana. Kwa mifugo, ilimaanisha ng'ombe wengi kulala mahali pamoja mwaka hadi mwaka, na ardhi iliyo karibu na makazi ikachakaa.

Tangu hapo watu wameongezeka, na shinikizo limepata mlango mwingine. Wakulima wengi kutoka Kongwa na sehemu nyingine za Dodoma wamekwenda kulima kaskazini, wilayani Kiteto, katika nyanda ambazo Wamaasai huzitegemea kwa malisho, na sehemu kubwa ya mahindi yanayojaza soko la nafaka la Kibaigwa hutoka huko. Ugomvi wa ardhi ya Kiteto ulifika mahakamani, na Januari 2014 uligharimu maisha ya watu. Mtu anayesema hekta 38,000 zibaki kama zilivyo hana budi kueleza kwa nini mkulima wa Kongwa avuke wilaya kwenda kugombana na mfugaji ilhali nyumbani kwake kuna eneo kubwa la serikali.

Jibu langu kwa swali hilo ni kwamba kuigawa ranchi kusingemwondoa mtu huyo Kiteto. Anakwenda kule kwa sababu kule mahindi huzaa; ndani ya ranchi angekuta udongo uleule na Februari ileile iliyowashinda wenye matrekta. Baada ya misimu michache angekuwa na shamba lisilolipa na malisho yaliyokwisha kulimwa. Aidha, serikali ilipoanza kugawa vitalu katika ranchi kadhaa za taifa kwa wawekezaji miaka ya 2000, aliyenufaika zaidi alikuwa mwenye mtaji wa kuchimba kisima na kununua mifugo, na mfugaji mdogo alibaki nje ya uzio akiwa na mmiliki mpya wa kumwomba njia ya kupitisha ng'ombe. Nina hofu kubwa kwamba Kongwa ikigawiwa itagawiwa kwa jina la wananchi na kuishia mikononi mwa wachache.

Sipendi kulipita bila kulitaja jambo moja la heshima katika historia ya mji huu. Majengo na njia ya reli iliyojengwa kutoka Msagali kwa ajili ya karanga yaliachwa bila kazi, na kuanzia 1964 eneo hilo likawa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ambako Samora Machel alikuwa kiongozi, kisha ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Wenyeji waliishi nao, wakauziana nao chakula, wakaoleana nao. Kwa hiyo Kongwa imewahi kutoa ardhi yake kwa faida ya watu wengine bila kudai malipo, na hilo linanifanya nione deni la taifa kwake ni kubwa zaidi.

Deni hilo linalipika bila kuipasua ranchi. Sehemu ya madume yanayozaliwa kila mwaka itengwe kwa ajili ya vijiji vya wilaya, kwa bei ambayo kikundi cha wafugaji kinaweza kuilipa baada ya kuuza mnadani, na orodha ya waliopewa ibandikwe ofisi ya kijiji. Mwaka wa ukame, vitalu vilivyopumzishwa vifunguliwe kwa mkataba wa muda, kwa idadi ya ng'ombe iliyohesabiwa na ada ndogo, na vifungwe mvua inaporudi; malambo yaliyo karibu na mpaka yawe na upande wa kijiji na upande wa ranchi. Nyasi zilizobaki baada ya msimu zikatwe na kuuzwa vijijini kabla hazijaliwa na moto wa Septemba. Pamoja na hayo, vijiji vipimiwe maeneo yao ya malisho chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ili ng'ombe chotara watakaozaliwa huko wawe na mahali pa kulishia pasipogeuzwa shamba kila msimu. Ranchi itakayoshindwa kutimiza haya kwa miaka kadhaa mfululizo, huku majosho yake yakiwa makavu na vitalu vyake vikirudi kuwa kichaka, itakuwa imeipoteza hoja yake yenyewe, na hapo nitaungana na wanaotaka igawiwe.