Ukuta wa bibi hautaki simenti

Tulipokuwa wadogo, ukikaa kwenye baraza ya nyumba ya bibi pale Ilala miguu inaning'inia. Leo ukikaa, magoti yanakaribia kidevu. Nyumba haijazama, barabara ndiyo iliyopanda. Kila ikitengenezwa kifusi kinamwagwa juu ya kifusi, na sisi wenye nyumba za zamani tunabaki shimoni. Masika yakishika, maji ya mtaa mzima yanakuja kwetu kupiga hodi.

Naanza na hilo kwa sababu watu wakiona lipu inapukutika wanausingizia ukuta. "Nyumba ya udongo hiyo, bomoeni mjenge fremu." Ukuta wenyewe ni boriti za mikoko, fito, udongo na mawe ya matumbawe, juu yake lipu ya chokaa. Ulikuwepo mama hajazaliwa.

Miaka sita iliyopita ukoo ulichanga, tukaita fundi. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akacheka. "Bosi, hii chokaa tunaikwangua yote, tunapiga lipu ya simenti, unasahau." Nikakubali, tena kwa kiherehere changu nikaongeza rangi ya mafuta. Ikang'aa kwelikweli, hadi shangazi akapiga picha.

Iling'aa masika mawili. Halafu ukaanza unga mweupe wa chumvi usawa wa goti. Mwaka uliofuata ukafika kiunoni. Siku moja nimesimama kwenye ukorido, kipande cha lipu kikubwa kama sinia la pilau kikadondoka chenyewe. Nyuma yake udongo ulikuwa umelowa, unabonyea kama ugali wa moto. Boriti iliyokuwa hapo niliimega kwa kucha.

Udongo unanyonya maji kutoka chini. Hilo halikuanza jana. Chokaa ina vinyweleo, kwa hiyo unyevu unapita, jua la mchana linaumaliza. Simenti na rangi ya mafuta vinauziba ukuta, na maji yanazidi kupanda yakitafuta pa kutokea, yamebeba chumvi. Juu ya hapo simenti ni ngumu na udongo unacheza, ndiyo maana lipu iliachia vipande vizimavizima.

Safari hii pesa karibu zote zimeingia kwenye vitu ambavyo mgeni hataviona. Tumechimba mtaro kuuzunguka ukuta, tumeweka gata upande wa uani, tumebadilisha mabati mawili yaliyotoboka kwenye misumari. Boriti tatu zilizooza chini tumezikata, tukazikalisha juu ya matofali yaliyotandikwa nailoni. Ndugu mmoja alitaka tuanze na marumaru na dari ya jipsamu. Ugonjwa huu wa kuanza na finishingi umetuua wengi mjini hapa.

Kupata fundi wa chokaa ndiyo ilikuwa kazi. Vijana wanaijua ya kupaka tu. Tulimpata mzee mmoja wa Mbagala, akatuagiza mifuko ya chokaa, akailoweka kwenye pipa na kuiacha wiki nzima huku sisi tunahesabu siku. Mchanga akataka wa mtoni, akauonja kwa ulimi kabla hajaupokea, maana wa pwani una chumvi. Ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Alipomaliza kupiga akatundika magunia yaliyolowa ukutani, tukawa tunayanyunyizia asubuhi na jioni kama bustani ya mchicha.

Sisemi kila nyumba kuukuu iokolewe. Ukuta ukishapinda, toa watoto kwanza, mengine baadaye. Ila anayedhani chokaa ni umaskini apite Boma la Kale, pale karibu na bandari ya Dar es Salaam: matumbawe na chokaa, limesimama tangu miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid wa Zanzibar.

Kwetu bado hakupendezi. Ukuta una rangi ya maziwa yaliyoganda, na mpangaji wa chumba cha mbele anauliza kila Jumamosi tunapaka rangi lini. Mzee kasema tusubiri ukauke, na rangi yenyewe ni chokaa tena. Shangazi hajapiga picha.