Usinunue antena kabla ya kupima kebo

Mtu akiniuliza anunue antena ya desibeli ngapi (kipimo cha kuongezeka au kupungua kwa nguvu ya mawimbi) kwa ajili ya ruta yake ya 4G, humuuliza kwanza: kati ya ruta na hiyo antena patakuwa na mita ngapi za kebo? Wengi hawajalifikiria hilo. Wameangalia namba iliyoandikwa kwenye boksi, wakaona kubwa ndiyo bora, na kebo wakachukua yoyote iliyokuwa rahisi.

Nami nilifanya vivyo hivyo. Nilipandisha juu ya paa antena ya desibeli 9, nikaiunganisha na ruta kwa mita 10 za RG-58, aina ya kebo nyembamba ya antena. Kwenye masafa ya megahezi 1800, kebo hiyo hula takriban robo tatu ya desibeli kila mita. Kwa hiyo zilipotea desibeli saba na zaidi, na kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu ya mawimbi. Kilichofika kwenye ruta hakikuzidi sana kile ambacho vijiti vyake vya asili vingekipata. Mtandao uliongezeka, ndiyo, lakini sifa ni ya paa: kule juu hakuna kuta za kuyazuia mawimbi.

Aina nyingine ya kebo, LMR-400, kwa urefu uleule ingekula kama desibeli 2 tu. Tatizo ni kwamba kebo hiyo ni nene, zaidi ya milimita 10, haikunjiki kirahisi, na uzito wake unaweza kuvunja konekta ndogo ya ruta. Ukiitumia, mwishoni weka kipande kifupi cha kebo laini. Kumbuka pia kwamba masafa yakipanda, hasara inapanda. Anayepokea megahezi 800 anaweza kuvumilia kebo ambayo kwa 5G ya megahezi 3500 haifai kabisa. Mara nyingi ruta yenyewe hukuonyesha unatumia bendi gani, yaani masafa gani. Iangalie kabla ya kutoa pesa.

Siku hizi msimamo wangu ni kwamba kebo ya antena isirefushwe kama kuna njia nyingine, na mara nyingi ipo. Ipandishe ruta yenyewe karibu na antena, ndani ya boksi lisiloingiza maji, kisha ushushe kebo ya Ethaneti, ile ya kawaida ya kuunganisha kompyuta na mtandao. Hiyo hufika mita 100 bila kukupunguzia kasi, na inaweza kupeleka umeme hukohuko juu. Ila boksi likae kivulini, kwa maana jua kali huichemsha ruta mpaka ikajizima.

Kuna mtego mmoja unaoniudhi kuliko yote. Antena nyingi za Wi-Fi huwa na konekta ya RP-SMA, na ruta nyingi za 4G zina SMA, aina mbili zinazofanana kwa nje. Zinafungana vizuri kabisa, ungeapa zimekubaliana, kumbe katikati ni tundu kwa tundu, hakuna kipini kinachogusa. Kabla ya kukaza, chungulia ndani: konekta ya antena iwe na kipini, ya ruta iwe na tundu.

Ruta ikiwa na matundu mawili ya antena, jaza yote mawili. 4G hupokea mikondo miwili ya data kwa wakati mmoja, na anayefunga antena moja tu anaweza kupoteza karibu nusu ya kasi hata mawimbi yakiwa mazuri. Antena mbili za kuelekeza zielekee mnara mmoja, moja ikiinamia kushoto nyuzi 45 na nyingine kulia nyuzi 45, na kebo zake zote mbili ziwe za aina moja na urefu mmoja.