Nilisema usikate waya!

Gari langu limetoka Japani, FM ya redio yake inaishia 90, na stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo. Hapa Tabora nisikilize nini, upepo? Nikajibana, nikanunua redio ya bei chee, nikaenda kwa fundi umeme. Nikamwambia: kaka, tafuta soketi ya kuichomekea, usikate waya. "Ondoa shaka, bosi." Nimefuata maji ya kunywa tu, narudi nakuta soketi orijino iko chini, imekatwa kama mkia wa mjusi! Waya wa njano, ule wa betri moja kwa moja, kauunga pamoja na mwekundu wa swichi ya ufunguo, kazungushia selotepu. Sasa redio haizimiki hata nikichomoa ufunguo. Kila asubuhi betri iko chini, majirani wananisukuma kuelekea Ipuli. Na spika? Zilezile za karatasi, zinakoroma.