Farasi 374 Mbele ya Dodane

Sekunde 4.4. Huo ndio muda ambao BMW M340i xDrive, sedani ya nguvu ya farasi 374, inautaka kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, na muuzaji atakutajia namba hiyo kabla hajakuuliza jina lako. Sawa, papa. Sasa hiyo 100 utaifikia wapi? Hapa Lubumbashi, ukitoka Kamalondo kwenda mjini, sekunde ya kwanza manseba na pikipiki yake ya abiria anakatiza mbele yako bila hata kugeuza shingo, ya pili ni dodane, lile tuta la barabarani, ya tatu basi limeganda katikati ya njia kwa sababu mama mmoja amesema "hapa hapa, shofa", na ya nne unashuka kuangalia kama pareshoki, yaani bampa, bado ipo. Ile nukta nne inabaki kwa muuzaji.

Lakini nani anasikia? Mtu akishapata hela zake za migodi ya Kolwezi, kichwani kuna sedani ya mbio tu: nyeusi, janti (rimu) inchi 19, mabomba manne nyuma, ambayo mengi siku hizi ni pambo tu, bomba lenyewe jembamba limejificha ndani kwa aibu. Pikapu ya dizeli anaiona ni gari la shemeji wa shamba. Haya, kama moyo umeshaamua, basi tulalamike kwa mpangilio.

Tuanze na usukani. Kongo tunaendesha kulia, kwa hiyo usukani ukae kushoto. Lakini mlango wetu ni Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na njia zote zinazofika hapo zinatoka kwa watu wanaoendesha kushoto: Zambia, Tanzania, Afrika Kusini, na Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam. Ndiyo maana mtu akikosa ubavu wa BMW anajikuta kwenye Toyota Mark X yenye usukani kulia. Gari zuri, sikatai. La mwisho lilitoka kiwandani 2019, na lile la moteri ya V6 ya lita 3.5 lina farasi 318. Sasa wapeleke farasi hao barabara ya Likasi, nyuma ya lori la shaba. Unachokiona ni turubai. Ili uone mbele ya lori lazima utoe gari zima upande wa pili, na upande wa pili ndiko linakokuja lori la asidi. Kwa hiyo anayeamua kama mnapita si wewe. Ni aliyekaa kushoto, na aliyekaa kushoto ni mama mkwe. "Pita! Pita, pita... apana, rudia!" Farasi 318 wanaongozwa na mtu ambaye miwani yake imebaki Katuba. Mkifika peaje, kwenye kizuizi cha kulipia barabara, ni yeye tena anayenyoosha mkono kulipa, na chenji anaitia kwenye mkoba wake.

Halafu taa. Taa za chini za gari la Japani zimetengenezwa zipande kidogo upande wa kushoto, zimulike ukingo wa barabara ya kwao. Kwetu, kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Unamtia upofu usiku kucha, naye anakujibu kwa taa zake kubwa, mnaagana kwa matusi. Kuinamisha taa hakuponyi kitu, maana utakuwa unamulika bampa yako mwenyewe. Dawa ni kununua taa za upande wetu, na za LED zinauzwa nzimanzima, balbu na kila kitu, kwa bei inayomkalisha mtu chini.

Wanaokwepa hayo huagiza lenye usukani kushoto kutoka Ubelgiji au Dubai. Ubelgiji, sawa. Dubai fungua macho, kwa sababu magari mengi ya ajali na mafuriko ya Marekani hupitishwa Falme za Kiarabu, yananyooshwa, yanapakwa rangi, na kuuzwa yakinukia manukato. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake: ukikuta mstari wa tope, hilo limeshaogelea. Ingiza mkono chini ya zulia uguse boliti za kiti, maana kutu ya hapo haiji kwa jasho la dereva. Vile viakisi vya rangi ya chungwa ubavuni mwa pareshoki ya mbele vinakwambia gari lilikuwa la soko la Marekani. Hapo soma herufi ya kumi kwenye namba ya shasi: M ni modeli ya 2021, N ya 2022, P ya 2023, hata kama muuzaji anakuapia kwa jina la mama yake. Na usiisahau redio. Marekani stesheni zote za FM zinaishia na desimali ya 1, 3, 5, 7 au 9, na redio yao inaruka zile za katikati. Utakuwa na spika 16 na hakuna wa kuzungumza.

Juu ya mwinuko nitakuwa mfupi, kwa sababu hauna ugomvi. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa imepungua kama asilimia 12, na moteri isiyo na turbo, ile feni ya kuisukumia hewa, inapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. Wale 318 wanabaki 280 hivi. Turbo inazunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa. Chukua turbo.

Ugomvi uko kwenye tairi. M340i ya janti 19 inavaa 225/40 mbele na 255/35 nyuma. Piga hesabu: 225 ni upana kwa milimita, 40 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na asilimia 40 ya milimita 225 ni 90. Sentimita tisa! Huo ndio mpira wote uliopo kati ya janti na shimo, na mashimo yetu yana kingo zilizonolewa. Ubavu ukibanwa katikati, nyuzi za ndani zinakatika na tairi linaota jipu. Jipu hilo halizibwi, halichomwi, haliombewi. Tairi ni la kutupa. Hapo ndipo xDrive inapoleta hesabu yake: magurudumu yote manne yanagawiwa nguvu kutoka kisanduku kimoja, na moja likiwa jipya huku mengine yameliwa, hayazunguki sawa, klachi za ndani ya kisanduku zinasuguana muda wote na kuungua. Kwa hiyo shimo moja ni tairi mbili, na kama zilizobaki zimechoka, ni nne. Nenda sasa Kenya, komini yetu ya hapa mjini, si ile nchi, ukaulizie 255/35 ya 19. Muuzaji atakutazama kwa huruma, ataingia ndani, atatoka na 265/65 ya pikapu: "Papa, tutasukuma, itaingia."

Ungenunua janti ndogo tangu mwanzo. 225/40 ya 19 ina kipenyo cha milimita 663, 225/45 ya 18 ina 660, na 225/50 ya 17 ina 657. Kipimo cha spidi hakidanganyiki, ila ubavu wa tairi unatoka milimita 90 hadi 112, na hizo 22 ndizo zinazookoa janti. Vaa saizi moja mbele na nyuma, ili ikipasuka moja usitafute aina mbili. Kabla ya kulipa, funga janti tupu gurudumu la mbele na uizungushe kwa mkono, kwa sababu kaliper za freni za mbio ni pana na 17 inaweza kuzigusa. Ikigusa, kaa kwenye 18. Soma pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019, yaani tairi "mpya" iliyokaa juani miaka. Vijana wa mtaa wataicheka janti yako ndogo. Waache. Wao hawana hata ya kuchekwa.

Na hizo tairi zinazotembea bila upepo, usizipende sana. Ni kweli zinakupa kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80. Lakini ubavu wake ni mgumu, kila kokoto unaliona kwenye meno, na kwa sababu hiyo mtengenezaji ameona hakuna haja ya kukupa tairi la akiba. Kilomita 80 kutoka katikati ya njia ya Kolwezi zinakufikisha kwenye kituo cha polisi, si kwa fundi. Weka la akiba kwenye kofa, yaani buti, hata likila nafasi ya unga.

Esansi sasa, yaani petroli. Fungua kifuniko cha tangi, ndani yake kuna kibandiko: oktani 95 au 98. Fungua chupa ya kadafi, yule muuza esansi wa kando ya njia, haina kibandiko, ina alama ya juisi. Oktani ikiwa ndogo, esansi inalipuka kabla ya wakati, sensa inasikia moteri inagonga, kompyuta inachelewesha cheche, na nguvu uliyoilipia inaondoka kimyakimya. Hiyo ni afadhali. Kibaya zaidi ni maji. Pampu ya moteri hii inasukuma kwa bar 350, na kinachoilainisha ni esansi yenyewe. Ukiipa maji na mchanga inajisaga, halafu vipande vyake vinaelekea kwenye sindano. Kama huna budi, mimina kidogo kwenye chupa angavu na uiache itulie dakika kumi. Maji yanashuka chini na mstari unauona kwa macho. Kadafi atakasirika. Mwache akasirike, pampu haiuzwi kwa lita.

Mafuta ya moteri ni lita 6.5, na kompyuta ya gari, iliyosomea Ulaya, itakwambia bado una kilomita zaidi ya elfu kumi na tano za kwenda. Haijui vumbi jekundu la Agosti. Badilisha kila 7,000 au 8,000. Filta ya hewa itazame kila 5,000, na usimruhusu fundi aipulize kwa kompresa halafu airudishe: upepo huo unatoboa karatasi, na kuanzia hapo vumbi linapita wazi mpaka kwenye mapangaboi ya turbo.

Nimeshasema gari liko chini? Kuna sentimita 14 kati ya tumbo lake na ardhi, na dodane zetu kila mtu anajenga ya kwake mbele ya nyumba yake, bila kipimo. Ipande kwa mshazari, gurudumu moja moja, ndiyo, huku watoto wanaimba "papa, motokari yako iko chini sana!" Mvua ikishuka Novemba ndiyo hadithi nyingine. Kikomo ni maji ya sentimita 25, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ukizidisha, moteri inavuta maji, maji hayabanwi, na fimbo za pistoni zinapinda. Likizima humo ndani, usiguse kitufe cha kuwasha. Tafuta vijana wasukume. Wako tayari, wamekaa hapo hapo tangu asubuhi wakikusubiri wewe.

Lakini kinachonichosha kuliko vyote ni akili ya gari. Kamera inatafuta mistari ya barabara. Mistari gani? Inatafuta, inakosa, halafu inaona ufa wa lami uliozibwa kwa bitumeni, inafurahi, inakuvuta usukani kuufuata. Rada ya mbele imekaa chini kwenye pareshoki, tope jekundu likiifunika inakuandikia kwamba breki ya dharura haifanyi kazi. Ukiisafisha inafanya kazi mno: manseba akikuchomekea, gari linasimama lenyewe, na basi la nyuma halina rada. Ukiweka mwendo wa kujiendesha unaoacha nafasi mbele, ile nafasi si yako, ni ya teksi tatu. Ingia kwenye menyu uzime usukani wa kujishika, uache tahadhari ya kugonga, na ubebe kitambaa.

Betri nayo ina masharti. Ni ya AGM, aina iliyofungwa ambayo asidi yake imenyonywa na nyuzi za kioo, na ikibadilishwa lazima isajiliwe kwenye kompyuta ili ijue ichaji vipi. Fundi wa kando atakufungia ya kawaida, taa zitawaka, atashika pesa, na baada ya miezi kadhaa gari litaanza kuzima redio, kisha viti, kisha heshima yako mbele ya wakwe.

Raha ipo? Ipo, ila inaomba saa yake. Kwanza, likiwa jipya kabisa, kilomita 2,000 za mwanzo usizidi mizunguko 4,500 wala kilomita 160 kwa saa. Freni zinahitaji kama 500 ndipo zikae sawa, tairi 300. Mjini hapa utatimiza masharti hayo bila kujua. Kisha subiri Jumapili, kiangazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, malori mengi bado yamelala. Pima upepo tairi zikiwa baridi. Toka upande wa Likasi, acha moteri ipate joto kilomita kumi hivi, weka hali ya Sport, shika gia mwenyewe, na kwenye ule mnyoofu usio na vijiji kanyaga gia ya tatu. Moteri ya silinda sita kwa mstari haipigi kelele, inaimba, mgongo unazama kitini, na kwa sekunde chache unaelewa kwa nini watu wanauza viwanja. Halafu peaje. Kabla ya kuzima, liache lipumue dakika moja, turbo ipoe.

Ukirudi, vumbi lote liko juu yako, unalipeleka kuoshwa. Ufunguo ubaki mbali na gari, tafadhali, si mfukoni mwako huku umeegemea nyuma yake. Chini ya pareshoki ya nyuma kuna sensa inayofungua kofa mtu akipitisha mguu, na maji ya shinikizo inayaona ni mguu. Kijana anapiga maji, mlango unapanda taratibu kwa heshima zote, maji yanaingia mpaka kwenye tairi la akiba na kwenye betri yako ya AGM, iliyokaa humo humo nyuma.

"Papa, kofa imejifungua. Tuoshe na ndani?"