Hileli, Yesu na deni la maneno

Mpagani mmoja alimwendea Rabi Shamai, mwalimu wa sheria ya Kiyahudi, akitaka afundishwe Torati nzima kwa muda ule anaoweza kusimama kwa mguu mmoja. Shamai akamtimua. Akaenda kwa Hileli, rabi mwenzake Shamai, naye akamwambia: lililo chukizo kwako usimtendee mwenzako, hiyo ndiyo Torati yote, mengine ni ufafanuzi, nenda kajifunze.

Aliyesoma Mathayo 7:12, pale Yesu anapoagiza tuwatendee watu yale tunayotaka watutendee, ataisikia sauti hiyo papo hapo. Na kwa kuwa Hileli alifundisha kabla ya Yesu, wapo wanaohitimisha kwamba Yesu ndiye mwanafunzi na mwalimu wake ni Hileli. Taratibu kidogo. Kisa hiki kimo katika Talmudi ya Babeli, mkusanyo mkubwa wa mafundisho na mijadala ya marabi, iliyokamilika karne kama tano baada ya Hileli kufa. Tena Kitabu cha Tobiti, ambacho Wakatoliki wanacho katika Biblia yao, kina usemi huohuo na ni cha zamani kuliko wote wawili. Neno lililokuwa mdomoni mwa kila mtu halimdai mtu deni. Mwaka 1962 Samuel Sandmel, rabi aliyebobea katika Agano Jipya, aliwakemea wasomi wenzake kwa tabia hii ya kuona vinavyofanana kisha kuruka moja kwa moja hadi kwenye chanzo.

Lakini onyo hilo nalo limegeuzwa kisingizio. Wapo wasiotaka kuigusa kabisa Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi, eti kwa sababu ilikusanywa karibu mwaka 200, wakati Injili zilikwisha kuandikwa. Wanasahau kuwa mafundisho ya marabi yalikaririwa kwa moyo muda mrefu kabla ya kukusanywa.

Tazama talaka. Mishna inasema watu wa Shamai walimruhusu mume kumwacha mke kwa jambo la aibu tu. Watu wa Hileli, hata kama ameunguza chakula chake. (Rabi Akiva aliongeza: hata akiona mzuri zaidi.) Sasa rudi Mathayo 19:3, Mafarisayo wanauliza kama ni halali mtu kumwacha mkewe “kwa kila sababu”. Bila Mishna, maneno hayo matatu yanaelea. Ukiwa nayo, unaona Yesu anavutwa achague upande katika ugomvi uliokuwa ukiendelea. Katika Marko maneno hayo hayamo, wala ile ruhusa ya Mathayo ya kumwacha mke kwa sababu ya uasherati. Huko Yesu hasimami na upande wowote. Yawezekana Mathayo ndiye aliyelichonga swali lifanane na mabishano ya siku zake. Hata hivyo Injili yake inathibitisha kwamba mabishano hayo hayakubuniwa na wakusanyaji wa Mishna. Kwangu mimi huu ndio uhusiano wenye uzito: maandiko mawili yanayotoleana ushahidi, bila haja ya kuulizana nani alimwibia nani.

Na pale maneno yanapolingana zaidi ndipo pa kuangalia kwa makini. “Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu,” anasema Yesu katika Marko 2:27. Rabi Shimoni ben Menasya, katika karne ya pili, anasema Sabato imekabidhiwa kwenu, si ninyi mliokabidhiwa Sabato. Karibu sentensi moja. Ila rabi anazungumzia kuvunja Sabato ili kuokoa uhai. Wanafunzi wa Yesu walikuwa wakipita tu mashambani, wakivunja masuke.