Websaiti ikizima saa nane usiku, nani anaamka?

Kuna ubishi haufi kati yetu sisi tunaohangaika na websaiti za wateja wadogo wadogo, maduka, shule, watu wa utalii. Juzi umeibuka tena. Jamaa ninayefanya naye kazi anasema hamna sababu ya mtu kuendelea kulipia hostingi ya kushea (websaiti za watu wengi kwenye seva moja, yaani kompyuta moja inayozitunza) wakati VPS (kipande cha seva kinachojitegemea) ya dola 5 au 6 kwa mwezi ipo, unapata seva nzima ya kwako, unaweka Linux (mfumo wa kuendesha seva), unaweka WordPress yako (programu ya kutengenezea websaiti), hakuna wa kukutumia meseji eti umezidisha matumizi. Mwingine akamjibu kwamba huo ni ujana tu, mtu anauza mchele, kazi yake ni mchele, seva amwachie mwenye kazi ya seva. Mi nimekaa pande zote mbili, nimekuwa huyo kijana wa VPS miaka kadhaa na baadae nikawa mzee wa kulipa watu wanisimamizie seva, na kila nikisikiliza huu ubishi naona watu wanapigania bei wakati bei ndo kitu kidogo kuliko vyote hapo.

Tuanze na upande wa kujisimamia maana una hoja za kweli, sio ushabiki.

Hostingi ya kushea ni nyumba ya uani, wapangaji kumi luku moja. Wewe una taa na redio tu lakini chumba cha nne kuna mtu ana friji mbili na pasi, yuniti zinakata na wote mnakaa giza. Kwenye seva ndo hivyo hivyo, jirani usiyemjua websaiti yake ikivamiwa ikaanza kutuma mabarua taka maelfu, anwani ya seva inaingia kwenye orodha mbaya na barua pepe zako za ankara zinaishia spam kwa mteja, hujafanya kosa lolote. Na kasi hupangi wewe. PHP 7 (toleo la lugha inayoendesha WordPress) ilivyotoka Desemba 2015 ilikuwa inaendesha WordPress karibu mara mbili ya kasi ya 5.6, bure kabisa, ni kubadilisha toleo tu, ila nimekutana na mteja miaka mitatu baadae bado yuko 5.6 kwa sababu aliyemkodisha hajafungua hiyo nafasi. Ukiwa na seva yako hilo ni la jioni moja. Vyeti vya usalama, ile kufuli ya kwenye anwani, Let's Encrypt wanatoa bure tangu mwisho wa 2015 lakini mpaka leo kuna wanaokuuzia kwa mwaka, na mtu analipa kwa sababu hajui. Tena mambo yanabadilika, mwaka 2025 wakubwa wa vivinjari na watoa vyeti walikubaliana kufupisha maisha ya cheti hatua kwa hatua mpaka siku 47 ikifika Machi 2029, kwahiyo mtu anayeweka cheti kwa mkono mara moja kwa mwaka siku zake zinahesabika. Kwenye VPS unaweka certbot, programu ya kuchukua vyeti hivyo, inajihuisha yenyewe, umemaliza.

Sasa upande wa pili, na hapa nakaa kidogo maana ndo pana raha.

Siku ukiwasha seva mpya, kabla hujaweka hata ukurasa mmoja, ingia ndani ufungue logi (daftari la seva) ya wanaojaribu kuingia, /var/log/auth.log kwa wa Ubuntu. Utakuta mistari inashuka tu. Mtu anajaribu kuingia kwa jina la root, anajaribu admin, anajaribu test, anajaribu oracle, kila sekunde chache, kutoka nchi ambazo hujawahi kufika. Seva haina jina, hujamwambia hata mkeo, ina umri wa nusu saa. Wamejuaje? Hawajajua, wanagonga milango yote. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu inaitwa ZMap ikaonyesha kwamba anwani zote za IPv4 duniani (namba za kompyuta kwenye mtandao), kama bilioni nne na kitu, zinaweza kupitiwa chini ya dakika 45 na kompyuta moja yenye laini nzuri. Kwahiyo ile kauli ya "mi mdogo nani ataniona" ifutwe kabisa, hakuna anayekuangalia, maroboti hayachagui.

Kwa kweli hapo kwenye kuingia dawa yake rahisi, zima paswedi tumia funguo za SSH (faili la siri la kuingilia), weka fail2ban (inamfungia nje anayekosea mara nyingi), funga milango yote ya mtandao ya seva acha ile mitatu unayotumia. Ni saa moja ya kazi. Kinachowaumiza watu ni kile kinachokuja baadae, mwezi wa saba, umeshasahau.

Nilikuwa na duka la vitenge la mama mmoja, nimeliweka kwenye VPS ya RAM gigabaiti moja. Wiki nzima kila asubuhi naamka nakuta ukurasa mweupe na yale maneno kwamba imeshindwa kuunganishwa na databezi. Nawasha MySQL (ndo databezi yenyewe), duka linarudi, naenda zangu kazini, kesho tena. Nikajiaminisha kwamba seva mbovu. Siku ya sita mama akanipigia, hajui seva wala databezi, akaniambia, "Mwanangu, kuna mteja wangu wa Mwanza amenipigia ananipa pole, anauliza kama nimefunga duka." Ile pole iliniuma. Nikakaa chini nikasoma logi vizuri, kumbe usiku maroboti yanapiga faili la xmlrpc.php (mlango wa WordPress wa programu za nje) bila kupumzika, na mimi kwa uvivu wangu nilikopi mipangilio mtandaoni ya mtu mwenye seva kubwa, imeruhusu wafanyakazi 40 wa PHP (programu zinazotengeneza kurasa) kwa wakati mmoja, kila mmoja anakula kama megabaiti 60, piga hesabu, hiyo ni zaidi ya gigabaiti mbili kwenye seva ya moja. Linux ikiishiwa kumbukumbu inamtafuta mlaji mkubwa inamuua, na mlaji mkubwa alikuwa MySQL. Nikashusha wafanyakazi mpaka 5, nikafunga xmlrpc, nikaweka swapu (sehemu ya diski ya kusaidia kumbukumbu) ya gigabaiti mbili, kwisha. Dakika 20. Ila wiki nzima ya mauzo ya usiku ya yule mama hakuna wa kuirudisha, na kosa lilikuwa langu mia kwa mia.

Hiyo ndo gharama ya dola 5.

Lakini wasinielewe vibaya wale wa kulipa, maana na wao wana ugonjwa wao, wanadhani wakishalipa basi wamemaliza. Anayekusimamizia anaziba matundu ya mfumo wa seva, ndio, hazibi tundu uliloingiza wewe. Themu (sura ya websaiti) ya kulipia uliyopewa bure kwenye grupu, ile wanayosema imefunguliwa kufuli, inaingia na mgeni wake ndani. Nimesafisha websaiti moja ya shule, ukiingia kawaida unaona shule, ukitafuta jina la shule Google unakuta kurasa za viatu kwa Kijapani chini ya jina lile lile, na walikuwa wanalipa hostingi nzuri tu ya bei. Na kama websaiti inakusanya majina na namba za wateja, Tanzania tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, mzigo wa kuzilinda ni wako uliyezikusanya, huwezi kumtupia aliyekukodisha ukakaa pembeni.

Bakapu ndo kabisa. Machi 10, 2021 jengo la data la OVH, kampuni ya kukodisha seva, pale Strasbourg, Ufaransa, liliungua moto, na kuna watu waligundua siku ile kwamba bakapu zao zilikuwa zinakaa pale pale pamoja na seva. Usiseme basi wenye ujuzi wako salama, GitLab ni kampuni ya mafundi watupu, Januari 31, 2017 fundi wao mmoja usiku amechoka akafuta databezi kwenye seva ambayo siyo, wakakimbilia bakapu, walikuwa na njia tano, hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi inavyotakiwa, wakaokolewa na nakala ambayo mtu aliitoa kama masaa sita nyuma kwa kazi nyingine kabisa. Kwahiyo mi siulizi tena mtu kama ana bakapu, namuuliza mara ya mwisho aliirudisha lini ikafunguka.

Kwenye apdeti nako kuna mvutano. Wengine wanaogopa kuacha WordPress ijiapdeti yenyewe kwa sababu plagini (programu ndogo ya kuongezea) ya malipo inaweza kuvunjika usiku, na ni kweli inavunjika, nimeona. Ila Januari 26, 2017 lilitoka toleo la WordPress 4.7.2 lililoziba tundu baya, wakanyamaza kidogo makusudi watu waapdeti, Februari 1 wakatangaza tundu lenyewe, na ndani ya siku chache zaidi ya kurasa milioni moja zilikuwa zimechafuliwa. Waliokuwa wamezima apdeti za kujiendesha zenyewe ndo waliolia. Msimamo wangu ni kwamba zile ndogo za usalama ziache zijiendeshe, matoleo makubwa subiri wiki moja wenzako waumie kwanza, plagini ya malipo iguse kwa mkono mchana ukiwa umeshiba.

Kasi nimeiacha mwisho kwa sababu watu wanaihusisha na seva kuliko inavyostahili. Wengi wetu seva ziko Ulaya. Dar mpaka Frankfurt ni kama kilometa 7,000 kwa mstari ulionyooka, mwanga ndani ya faiba unakimbia kama kilometa 200,000 kwa sekunde, kwahiyo kwenda na kurudi hata kwa muujiza ni milisekunde 70, na uhalisia wa nyaya zinavyozunguka baharini ni mara mbili ya hapo na zaidi. Kufungua ukurasa wenye kufuli unahitaji safari kama tatu kabla herufi ya kwanza haijaonekana. Hiyo ni nusu sekunde imeondoka, hata seva yako iwe na RAM gigabaiti 64. Inauma ila inavumilika. Kisichovumilika ni picha ya kitenge iliyopigwa na simu, megabaiti 4, imepandishwa kama ilivyo. Mteja wa Singida laini yake inatoa megabiti 2 kwa sekunde, hiyo picha moja tu inachukua sekunde 16, na imekula bando lake. Google wenyewe wanataka kitu kikubwa cha kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Ukiipunguza vipimo ukaigeuza WebP (aina ya faili nyepesi la picha) inafika kilobaiti 150 na jicho halioni tofauti. Nimeona watu wanahama hostingi mara tatu wakitafuta kasi na picha zile zile wanahama nazo.

Cloudflare, kampuni inayoweka nakala za websaiti karibu na wasomaji, wanasaidia umbali, wana vituo Nairobi, Mombasa na Dar, nakala ya picha inatoka hapa hapa. Ila kikapu cha mteja hakiwekwi kwenye nakala, hicho lazima kisafiri. Na nao wanaanguka, Novemba 18, 2025 walizima masaa kadhaa wakazima na nusu ya tunavyotumia. Na Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, sisi wenye seva Ulaya tulikaa tunatazamana. Hapo wale wa kuweka seva hapa hapa nchini wana hoja, japo bei bado inakaba.

Kwahiyo nani mkweli? Kama unapenda hii kazi na una mtu wa pili wa kushika ukisafiri, chukua VPS, utajifunza na utaenda kasi. Kama websaiti ndo inalisha nyumba na hakuna wa kuamka, lipa dola 25 au 30 za watu wa kukusimamizia usilale macho. Ila upande wowote ule, domeni (jina la websaiti) iandikwe jina lako na barua pepe yako, sio ya fundi. Nimeona fundi amehamia nchi nyingine, barua za kulipia domeni zinaenda kwenye anwani aliyoiacha, na mwenye biashara anajua siku ambayo jina limeshachukuliwa. Paswedi kuu kuliko zote iwe kwako. Na nakala moja ikae nje ya huyo unayemlipa.

Duka la mama nililihamisha, sasa lipo kwa watu wanaolipwa kuamka. Kila Jumapili nakala inashuka kwenye laptopu yangu, kila miezi mitatu naifungua naangalia kama vitenge vyote vipo. Ile VPS ya gigabaiti moja bado nailipia, haina kitu ndani, naingia tu mara moja moja kusoma logi. Jana walikuwa wanajaribu jina la oracle tena.