Uvimbe wa maji kichwani: kusubiri nako kuna kazi

Mama mmoja wa Mikindani, Mtwara, alinionyesha bahasha ya picha ya CT-skani ya mwanawe wa miaka sita. Mtoto alianguka kutoka mwembeni, akapimwa, fuvu likakutwa zima. Ila kushoto, karibu na sikio, pakaonekana kifuko cha maji. Daktari akasema ni sisti ya araknoidi, haina neno, warudi baada ya mwaka. Shangazi mtu akaja juu: "Kitu kiko ubongoni, halafu mtoto anaambiwa akacheze?"

Daktari ana hoja nzito. Kifuko hiki kwa kawaida mtoto huzaliwa nacho: utando mwembamba unaofunika ubongo, uliopewa jina la buibui, huachana na kukusanya maji yaleyale yanayozunguka ubongo. Si saratani. Utafiti wa Marekani wa 2010, uliopitia picha za watoto zaidi ya 11,000, ulikikuta kwa asilimia 2.6, na kwa wengi waliofuatiliwa kilibaki vilevile. Upasuaji nao una yake. Kutoboa utando kwaweza kuleta damu au maambukizi, na mrija wa kutolea maji huziba, mtoto akarudishwa mezani mara ya pili, ya tatu. Kumtia kisu mtoto asiyeumwa ili picha ipendeze, mimi sikubali.

Shangazi naye hajakosea kabisa. Kusubiri kwa kitabibu kunataka mtu wa kuangalia. Kutoka Mtwara hadi kwa mabingwa wa ubongo pale Muhimbili ni zaidi ya kilomita 500, na Mei 2024 mafuriko yalipokata barabara maeneo ya Somanga, hata mwenye nauli alikwama. Familia inayongoja mnada wa korosho ikiambiwa "mwakani", tarehe hupita hivihivi.

Hivyo namuunga mkono daktari, kwa sharti moja: umri uangaliwe. Vifuko vinavyokua hukua hasa kwa wadogo sana. Mtoto wa miezi sita apimwe mzunguko wa kichwa kila anapofika kliniki, namba iandikwe kwenye kadi ilinganishwe na ya nyuma. Na mama aambiwe waziwazi: utosi ukituna, mtoto akitapika kila asubuhi, akipata degedege au macho yakianza kumsumbua, asingoje tarehe.

Mpira? Acheze. Kipigo kikali chaweza kuvujisha damu kando ya kifuko, ingawa ni nadra. Kichwa kikiuma siku kadhaa baada ya kuanguka, arudishwe hospitali. Mwembe ni habari nyingine. Tawi la chini yule mama alishalikata.